Kipunji: babu alimjua, je wanasayansi waliongeza nini?

Swali

Shikamoo mtaalamu. Mimi ni kijana wa Rungwe, kwa sasa nafanya kazi Mbeya mjini. Marehemu babu yangu alikuwa mwindaji na alitusimulia habari za kipunji tangu tukiwa wadogo, miaka ya tisini. Leo nasoma kwamba kipunji alipatikana mwaka 2003. Kama babu alimjua, hao wataalamu waliongeza nini? Halafu, huyu ni kima au ni nyani? Kila ninayemuuliza ana lake. Mjomba wangu analima mahindi pembeni ya msitu na anasema siku hizi wamezidi. Ni kweli wameongezeka? Na mahindi yake nani atayalipa? Mwisho, mimi mwenyewe sijawahi kumwona. Nifanyeje?

Jibu

Marahaba, mwanangu, na ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, kwa swali. Umefunga maswali kadhaa katika furushi moja. Nitayafungua moja baada ya jingine, ila mengine nitayapitia haraka.

Babu alimjua. Hilo halina ubishi, na hata waliomwandika mnyama huyu kwenye majarida hawakulificha. Mwanzoni mwa 2003 watafiti wa shirika la uhifadhi la WCS, wakiongozwa na Tim Davenport, walikuwa wakipita vijiji vya kuzunguka Mlima Rungwe na kuwauliza wawindaji ni wanyama gani wanaopatikana msituni. Katika majibu, jina kipunji likawa linajirudia. Wanyakyusa, na hili unalijua kuliko mimi, wana masimulizi mengi ya msituni, na humo mnyama wa kweli na kiumbe wa mizimu hukaa pamoja bila kugombana. Mgeni akiambiwa kuna mnyama mwenye haya, mkia mrefu, haonekani ovyo, hajui amwandike kwenye daftari la wanyama au la hadithi. Mei mwaka huo watafiti waliona kitu kikipita juu ya miti, lakini hawakukiona sawasawa. Ilibidi wasubiri hadi Desemba 2003 ndipo wakamwona vizuri na kuridhika kwamba wanachokitazama hakimo katika kitabu chochote cha wanyama wa Afrika.

Sasa hapa ndipo jambo linapokuwa tamu. Miezi michache baadaye, Julai 2004, mtafiti mwingine kabisa, Trevor Jones, alikuwa katika msitu wa Ndundulu, kwenye milima ya Udzungwa, mamia ya kilomita kutoka Rungwe. Alikwenda kuhakiki taarifa za watazama ndege kwamba huko kuna ngolaga wa Sanje, kima mwingine wa Udzungwa. Akakuta kima, ndiyo, lakini si ngolaga. Kwa muda timu hizi mbili zilifanya kazi bila kujua kwamba zinamfuatilia mnyama mmoja. Zilipokuja kupata habari za mwenzake, Oktoba 2004, zikaunganisha nguvu, na Mei 2005 mnyama akatangazwa katika jarida la Science. Watanzania Noah Mpunga na Sophy Machaga ni miongoni mwa walioandika andiko hilo, jambo ambalo magazeti mengi ya wakati ule yaliliruka, yakabaki na majina ya wageni tu.

Basi waliongeza nini? Babu yako alijua kipunji anakula nini, analala wapi, anapita njia gani mvua zikianza. Pengine alijua mambo ambayo mpaka leo hayajaandikwa. Lakini asingeweza kujua kwamba mnyama huyo hayupo Kamerun, hayupo Kongo, hayupo Uganda wala Ethiopia. Ili ujue hivyo inabidi uweke wanyama wa bara zima mezani uwalinganishe, mmoja mmoja: rangi, mkia, fuvu, sauti, damu. Wawindaji walimjua mnyama wa msitu wao. Walichokipata watafiti ni kwamba msitu ule ndio karibu mahali pake pote duniani, ukiacha kile kipande cha Udzungwa. Kwa maoni yangu hiyo ni habari kubwa kuliko kumwona kwenyewe, kwa sababu mnyama asiyeandikwa popote hawezi kuingia katika orodha ya walio hatarini, na msitu wake hauna hoja ya kupeleka kwa anayegawa bajeti.

Hadithi ya namna hii si ya Rungwe peke yake. Huyo ngolaga niliyemtaja alitambuliwa na wataalamu mwaka 1979, Katherine Homewood na Alan Rodgers waliposikia mlio wasioujua karibu na kijiji cha Sanje. Mwenyeji aliyekuwa nao akawajibu kama anayeulizwa jina la kuku: huyo ni ngolaga. Na huko Kongo, mwaka 2007, watafiti walimkuta kima mchanga amefugwa nyumbani kwa mkuu wa shule katika mji wa Opala. Wenyeji wakamwita lesula. Mwaka 2012 akaandikwa rasmi kuwa spishi mpya. Utaona mtindo ni uleule, na mimi nadhani somo lake kwa watafiti vijana ni la kazi tu: ukifika kijijini, kabla hujafungua kamera, kaa chini uulize.

Unaweza kuuliza, iweje mnyama mkubwa kiasi hicho, dume lake lina uzito wa kilo kumi na kitu, afichike nchi iliyojaa watafiti wa wanyama? Watafiti walijaa kweli, ila Serengeti, Gombe, Mahale na baadaye Udzungwa upande wa mashariki. Nyanda za Juu Kusini zilijulikana kwa maua, chai na viazi. Wachache waliotazama kima wa Rungwe walitegemea kuona mbega na kima wa kawaida, na ukiwa chini ya miti yenye ukungu, mnyama anayekimbia juu ya kichwa chako ni kivuli tu. Kipunji naye ana tahadhari kuliko wenzake. Kule Rungwe anakaa kati ya mita 1,750 na 2,450 hivi kutoka usawa wa bahari, kwenye makorongo na miteremko mikali, mahali ambapo mvua ni nyingi kuliko sehemu kubwa ya nchi yetu na mtu mwenye shughuli zake hapiti bila sababu.

Nimweleze alivyo, maana najua wengi wanamchanganya. Manyoya yake ni marefu, ya kahawia iliyoingia kijivu, mazito kama yanavyopaswa kuwa kwa mnyama wa baridi ile. Tumbo na ncha ya mkia vinaelekea weupe uliochafuka. Uso ni mweusi wote, hata kope za macho, na hapo anatofautiana na baadhi ya jamaa zake ambao kope zao ni nyeupe na hupepesa kama taa. Mashavuni ana singa ndefu zilizochanua pembeni. Utosini, nywele zimesimama kwa ushungi mpana, na ukimwona kwa mbali dhidi ya anga huo ushungi ndio unaokuambia ni nani. Mkia ni mrefu kuliko mwili, na akitembea juu ya tawi mara nyingi huubeba juu badala ya kuuacha uning'inie.

Linganisha sasa. Mbega wa huko kwenu ni mweusi mwenye mashungi meupe ya mabegani, na mkia wake unaning'inia wima chini ya tawi. Kima wa kawaida ni mwembamba zaidi, manyoya yamelala, utosini hana kitu kilichosimama. Nyani ana pua ndefu ya mbwa na mkia uliopinda kama umevunjika karibu na shina, na muda mwingi yuko chini. Kipunji karibu maisha yake yote yako mitini.

Ila kitambulisho kikubwa ni sauti. Kipunji dume ana mlio mzito, wa chini, kati ya kubweka na honi ya lori kuukuu. Dume mmoja akianza, mwingine wa kundi la jirani anaweza kujibu. Hakuna kima mwingine wa Tanzania anayelia hivyo. Hata watafiti walipokuwa wakibishana kuhusu ukoo wake, mlio huu ulikuwa moja ya sababu za kusema huyu si wa kundi walilomweka mwanzoni.

Na hapo tunaingia kwenye swali la kima au nyani, ambalo nitakaa nalo kidogo kwa sababu majibu yote uliyoyasikia yana ukweli ndani yake.

Walipomwandika mara ya kwanza mwaka 2005, hawakuwa na mzoga, ngozi wala tone la damu. Walikuwa na picha, maelezo ya walichokiona na rekodi ya sauti. Kwa desturi ya fani yetu, spishi mpya hupewa kielelezo kinachowekwa makumbusho, ili mtu yeyote wa baadaye aende akakikague kwa macho yake. Wao wakaitumia picha ya dume aliye hai kuwa ndiyo kielelezo. Hilo lilizua malumbano makali. Wapo waliosema picha haitoshi, kwa sababu huwezi kupima meno ya picha wala kuichuna ngozi. Wengine wakajibu kwamba mnyama aliyebaki wachache namna hii, kumpiga risasi ili uthibitishe kwamba yupo ni wazimu. Mimi nipo upande wa hao wa pili. Lakini nakiri wale wa kwanza walikuwa na hoja, kwa kuwa kwa kutumia picha tu walimpanga mahali pasipo pake. Walimweka katika jenasi, yaani kundi la spishi za ukoo mmoja, la Lophocebus, pamoja na kima weusi wa misitu ya Kongo na Uganda wanaoitwa mangabei. Kwa sura alifanana nao: mwembamba, mkaa mitini, uso mweusi, mkia mrefu.

Kisha katikati ya 2005, kipunji dume, kijana ambaye hajakomaa sawasawa, akakutwa amekufa kwenye mtego wa mkulima katika shamba la mahindi huko Rungwe. Hakuna aliyeupanga msiba ule kwa ajili ya sayansi, lakini mzoga ukahifadhiwa, na kielelezo kikafika makumbusho ya Field Museum jijini Chicago. Kwa mara ya kwanza fuvu lilipimwa na vinasaba vikasomwa. Matokeo yaliwashangaza wengi. Fuvu halikuwa la nyani: uso mfupi, hauna ule urefu wa pua unaoujua. Lakini vinasaba vikasema jamaa yake wa karibu kuliko wote ni nyani, wala si wale mangabei weusi aliofananishwa nao. Mnyama mwenye umbo la huku na damu ya kule hana jenasi la kukaa, kwa hiyo mwaka 2006 akaundiwa lake mwenyewe, Rungwecebus, jina la mlima wenu. Jenasi jipya la kima wa Afrika lilikuwa halijapatikana tangu 1923, alipoundiwa jenasi lake yule kima wa vinamasi vya Kongo, Allenopithecus. Ndiyo maana dunia ilipiga kelele.

Hadithi haikuishia hapo. Wataalamu wengine walipochunguza zaidi, wakatazama vile vinasaba ambavyo mtoto hurithi kwa mama peke yake. Kwa kipunji wa Rungwe, vinasaba hivyo viliangukia katikati kabisa ya nyani wa njano, hawa wa kawaida wanaokaa barabarani Mikumi. Kama ukoo wa kipunji ungekuwa umetengana na nyani zamani bila kurudiana, visingeangukia hapo. Maelezo yanayoeleweka ni kwamba hapo kale, muda mrefu sana kabla ya babu wa babu yako, nyani jike aliingia katika kundi la kipunji, akazaa, na uzao wake wa kike ukaendelea kuzaa humo. Mwili na tabia vikabaki vya kipunji, kwa kuwa kila kizazi kilizaliwa na madume wa kipunji, lakini ile alama ya upande wa mama ikaendelea kushuka. Mwaka 2010 ukatoka uchunguzi wa kipunji wa Ndundulu, na kwao alama hiyo ya nyani wa njano haikuonekana. Wao vinasaba vyao vya upande wa mama vinasimama pembeni ya ukoo mzima wa nyani, kama ndugu wa tumbo jingine. Kwa hiyo mchanganyiko huo ulitokea upande wa Rungwe peke yake.

Usione ajabu. Nyani na jamaa zake wanajulikana kwa kuvuka mipaka. Kule Amboseli, Kenya, nyani wa njano na nyani wa kijani wamekuwa wakizaliana mbele ya macho ya watafiti kwa miongo kadhaa. Jibu langu kwako basi ni hili: kwa umbo na maisha yake ni kima wa mitini, kwa ukoo ni ndugu wa karibu wa nyani, na kipunji wa Rungwe wana bibi aliyekuwa nyani kweli. Ukiambiwa yeye ni nyani aliyepanda mti, kataa. Ukiambiwa hana undugu wowote na nyani, kataa pia.

Tuje kwenye idadi. Hesabu ya kwanza ya kina ilitolewa mwaka 2008: kipunji 1,117 katika makundi 38. Kati ya hao, 1,042 walikuwa upande wa Rungwe na msitu jirani wa Livingstone, na 75 tu Ndundulu. Eneo lote walilokuwa wakilitumia, ukijumlisha pande zote mbili, halikufika kilomita za mraba 20. Hebu fikiri, spishi nzima, hakuna mwingine popote duniani, na eneo lake lote halifiki kilomita tano kwa tano. Ndiyo sababu mwaka huohuo akaingizwa katika daraja la juu kabisa la hatari, lile la walio karibu kutoweka, na akawahi kuwamo kwenye orodha ya jamii 25 za kima na sokwe zilizo hatarini zaidi duniani. Misitu yake wakati huo ilikuwa inapasuliwa mbao na kuchomwa mkaa, mitego ilikuwa mingi, na kati ya msitu wa Mlima Rungwe na ule wa Livingstone pamebaki ushoroba mwembamba wa Bujingijila, ambao nao ulikuwa umeliwa na mashamba na mifugo.

Mjomba wako yuko sahihi kwamba wameongezeka. Hesabu iliyorudiwa zaidi ya miaka kumi baadaye ilikaribia kipunji 2,000 kwa jumla, na karibu ongezeko lote ni la Rungwe na Kitulo. Wakati huohuo dalili za ukataji na uwindaji msituni zilikuwa zimepungua. Sababu hazina uchawi. Kitulo ilitangazwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005 na ndani yake umo msitu wa Livingstone. Mlima Rungwe ukapandishwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia mwaka 2009. Doria zikawa za kweli, vijiji vikahusishwa, miti ya asili ikapandwa Bujingijila ili makundi ya pande mbili yaweze kukutana tena. Daraja lake la hatari likashushwa hatua moja. Bado yuko hatarini, ila si kwenye ukingo uleule.

Ndundulu ni habari nyingine. Msitu ule ni mzuri ajabu, hauna kijiji jirani cha kuutafuna, na umewahi kutoa maajabu mengine: kwale wa Udzungwa aliyetambuliwa mwaka 1991, na yule sange mkubwa, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, wa uso wa kijivu, aliyeandikwa 2008. Lakini kipunji wake wamebaki kama mia moja tu, hawazidi. Kundi dogo namna hiyo, lililotengwa na wenzake kwa mamia ya kilomita za mashamba na nyika, ugonjwa mmoja unatosha kulimaliza, na kuoana ndugu kwa ndugu ni lazima. Mimi kama ningeulizwa shilingi ya mwisho ya utafiti wa kipunji ipelekwe wapi, ningesema ipelekwe Ndundulu, hata kama watalii wako Kitulo.

Lakini hapa nitofautiane kidogo na mjomba. Kuona kipunji wengi shambani si kipimo cha kwamba wamezidi. Kundi moja la kipunji thelathini linaweza kurudi ukingo uleule wa shamba siku baada ya siku mahindi yakiwa machanga, na mkulima akaona kama wanatoka kila mahali. Halafu si kila mwizi ni kipunji. Mwambie mjomba atazame mambo mawili. Kwanza, walipitia wapi: kipunji hupenda kushuka kutoka kwenye miti inayogusa shamba, akavunja magunzi ya mistari ya pembeni, akajaza vifuko vya mashavu na kupanda tena kwenda kutafunia juu. Nyani huingia kwa miguu, tena mpaka katikati, na dume lao hubaki pembeni limeketi likiangalia kama kuna mtu anakuja. Pili, atazame alama za ardhini na mabaki ya magunzi. Yakiwa yametapakaa shamba zima na mashina yamelazwa, mtuhumiwa wa kwanza ni nyani, au nguruwe pori ikiwa ilikuwa usiku. Kipunji halali shambani wala hatembei gizani.

Nani atalipa? Nitakuambia ukweli ingawa hautamfurahisha. Kanuni za kifuta jasho za mwaka 2011 ziliandikwa zikiwalenga wanyama hatari, mfano tembo, simba, kiboko na mamba. Kima hakuingia humo. Hata kwa huyo tembo, inachotoa serikali ni pole, si thamani ya mazao. Kwa hiyo mjomba asisubiri hundi. Naona hili ni pengo, na sioni haya kulisema: tunamwambia mkulima wa Rungwe amlinde mnyama anayejulikana dunia nzima, kisha tunamwachia bili ya mahindi. Hifadhi ikipata kipato cha wageni, vijiji vya ukingoni ndivyo vinavyostahili kukiona kwanza, kwa shule, kwa miche, kwa mizinga ya nyuki, kwa chochote walichokubaliana wenyewe.

Lakini kuna anayoweza kuyafanya sasa. La kwanza ni aina ya zao la ukingoni. Chai hailiwi na kima, na Rungwe mna wakulima wadogo wa chai wa kutosha. Uganda wametumia chai kuwa kama ua kati ya misitu na mashamba. Kama hana uwezo wa chai, mistari kadhaa ya zao lisilopendwa na kima, pareto kwa mfano huko juu kwenye baridi, ikae kati ya mahindi na miti. Asafishe matawi yanayoingia shambani kwake, maana kipunji hapendi kukatiza uwanda mtupu. Na alinde zile wiki mahindi yakiwa na maziwa, asubuhi na alasiri. Kelele na mtu anayeonekana vinatosha. Kipunji ni mwoga kuliko nyani.

Asitege. Tanzi la waya halichagui, linakamata kipunji, funo, mbwa wa jirani na hata mguu wa ng'ombe. Na kumnasa au kumuua mnyamapori bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, awe yuko msituni au shambani. Akimkuta mmoja amekufa, asimzike wala asimchune. Atoe taarifa kwa ofisi ya hifadhi au kwa serikali ya kijiji siku hiyohiyo. Vielelezo vya mnyama huyu duniani vinahesabika, na kila mzoga unaweza kueleza alichokula, maradhi aliyokuwa nayo na kundi alilotoka.

Kumwona sasa. Una njia mbili: Hifadhi ya Taifa Kitulo, ambayo iko chini ya TANAPA, au Mlima Rungwe, ambao ni wa Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Kwa vyovyote utahitaji kibali cha kuingia na mwongozaji, na mwongozaji mtafute anayetoka kijiji cha jirani na msitu, kwa sababu yeye ndiye anayejua kundi lilipoonekana jana. Nenda miezi ya kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, njia zikiwa hazitelezi sana. Ingia alfajiri. Usitegemee macho, simama usikilize ule mlio kwanza, kisha mwongozaji akupeleke upande wa chini wa bonde, si moja kwa moja chini ya mti, maana ukisimama chini yao wanaondoka. Kama una darubini ndogo ibebe. Nguo ziwe za rangi iliyopoa, na koti la mvua hata kama Tukuyu mjini jua linawaka. Na kama kuna mzee yeyote aliyewinda pamoja na babu yako na bado anaweza kupanda mlima, mwombe mwende wote, umlipie kiingilio, na ubebe daftari.